Damu na Sheria: Mazungumzo juu ya Filamu ya "Brotherhood"

Hotuba ya afisa wa uhusiano wa polisi na jamii, iliyosomwa mbele ya wananchi huko Aroi siku moja baada ya filamu hiyo kuonyeshwa. Inachapwa hapa kwa faida ya wasomaji wetu wa Arua, Koboko na vijiji vya mpakani.



Nimeombwa nizungumze juu ya filamu tuliyoitazama pamoja jana jioni. Najua kwamba afisa wa polisi anaposimama kuzungumzia filamu ya ujambazi, watu hutarajia maneno mawili tu. La kwanza, kwamba filamu hizi zinawaharibu vijana. La pili, kwamba ukimwona mhalifu, piga simu. La pili nitalisema kabla sijaketi. La kwanza sitalisema, kwa kuwa siliamini. Mimi mwenyewe nilikulia katika vibanda vya video, nikikaa juu ya benchi la mbao huku VJ akitufasiria kila kitu kwa Kiganda na kuongeza maneno yake pale mfasiri wa kawaida angenyamaza. Nilitazama mamia ya majambazi wakipigana katika chumba chenye giza, na bado nikaingia katika jeshi la polisi.

Nataka kuisema filamu hii kama tunavyomsema mtoto wa nyumbani aliyefanya kazi nzuri, lakini sote twajua kwamba anaweza kufanya iliyo bora zaidi. Sababu ya kusema hivyo inatuhusu sisi wa mpakani kuliko inavyowahusu watu wa mbali.

Kwa ajili ya wale watakaoyasoma haya katika jarida bila kuiona filamu, nieleze kwa ufupi. "Brotherhood", yaani Udugu, ilitoka mwezi Septemba 2022. Ni filamu ya Nigeria, na mambo yake yanatokea Lagos. Mtayarishaji wake ni Jade Osiberu, naye ni Mnigeria. Lakini mwongozaji wake, mtu aliyeamua kamera isimame wapi na mwigizaji atazame upande gani, ni Mganda mwenzetu, Loukman Ali. Hilo peke yake ni jambo la kujivunia. Wanigeria, wenye waongozaji wengi kuliko tunavyoweza kuwahesabu, walimchagua Mganda aongoze filamu yao kubwa.

Kisa chenyewe ni cha ndugu mapacha waliokua bila wazazi. Mmoja, Wale, amekuwa polisi. Mwingine, Akin, amejiunga na genge la majambazi. Wale ameigizwa na Falz, ambaye vijana mnamfahamu zaidi kwa muziki wake, na Akin ameigizwa na Tobi Bakre. Kisha Wale anaingia katika kikosi kilichoundwa kulisaka genge lile lile ambalo ndugu yake yumo ndani yake. Basi, polisi anamtafuta mhalifu, na mhalifu huyo ni mtu aliyelala naye tumbo moja. Mwisho wake sisi tuliokuwapo jana tunaujua. Sitausimulia hapa, ili msomaji asinyimwe haki yake.

Filamu hii ilipendwa. Ilijaza kumbi za sinema, na mwaka 2023 ikatunukiwa katika tuzo za Africa Magic. Jana nilikuwa nikiwatazama ninyi zaidi ya nilivyoitazama filamu. Magari yalipoanza kukimbizana na risasi kulia, hakuna aliyetoka kwenda kununua karanga. Hata wazee wetu wawili waliokuwa wameanza kusinzia walifumbua macho. Mkono wa fundi unaonekana kila mahali. Picha ni safi, mwanga umepangwa, na mwendo hauchoshi.

Hata hivyo, mtu aliyeziona kazi za awali za mwongozaji huyu hawezi kuridhika.

Kabla ya kwenda Lagos, Loukman Ali alitengeneza hapa Uganda filamu iitwayo "The Girl in the Yellow Jumper", yaani msichana mwenye sweta ya manjano. Aliiandika mwenyewe, akaiongoza, akashika kamera, na akaihariri. Waigizaji wake ni watu wa kwetu: Michael Wawuyo Mdogo, Rehema Nanfuka, Maurice Kirya na wengineo. Mwezi Desemba 2021 ikawa filamu ya kwanza ya Uganda kuonyeshwa katika Netflix. Haikuwa na fedha nyingi, wala madaraja makubwa ya Lagos, wala misururu ya magari.

Ilikuwa na jambo moja: mtu anayesimulia. Mwanamume ametoroka mikononi mwa mtekaji, amerudi nyumbani, na ana habari ya kueleza juu ya mwanamke mwenye sweta ya manjano. Kisa hakiendi kwa mstari ulionyooka. Kinarudi nyuma, kinaruka mbele, na kila kinaporudi mtazamaji analazimika kujiuliza: je, yale niliyoambiwa mwanzo nilipaswa kuyaamini? Nani ametendewa, na nani ametenda? Mtazamaji hawezi kukaa tu na kufurahia. Anageuzwa kuwa mpelelezi. Anafanya kazi ile ile ninayoifanya mimi kila asubuhi meza inapokuwa kati yangu na mtu aliyekuja kuandikisha malalamiko, nami nikawa na kalamu, karatasi, na shaka yangu.

Katika mwaka huo wa 2021 alitoa pia filamu fupi iitwayo "Sixteen Rounds", yaani risasi 16. Inamhusu mwanajeshi ambaye vita vimebaki kichwani mwake, na inahusu ndoa yake. Jina la filamu ni la risasi, lakini kinachoogopesha humo ni ukimya wa nyumba ya mume na mke. Sisi wa West Nile hatuhitaji kuelezwa jambo hilo. Tunazijua nyumba ambamo baba alirudi kutoka msituni, bunduki ikakabidhiwa serikalini, na usiku haukukabidhiwa kwa yeyote.

Kwa hiyo, nilipoambiwa kwamba mtu huyu ameongoza filamu ya polisi na jambazi waliozaliwa pamoja, nilisema moyoni: sasa tutaona. Yule aliyejua kuigeuza sweta moja kuwa fumbo la saa nzima, atatuonyesha nini akipewa fumbo kubwa kama hili? Polisi anapoketi mezani kula na ndugu yake, naye anajua ndugu huyo anatoka wapi usiku, anakula vipi? Anamwambia nini mkuu wake? Anamwambia nini mkewe? Anapoapishwa, je, kiapo kinakata damu?

Filamu inaliuliza swali hilo mapema, na inaliuliza vizuri. Kuna nyakati ambapo macho ya mapacha hao wawili yanasema mengi kuliko midomo yao. Lakini kila swali linapokaribia kujibiwa, bunduki inalia. Kila ndugu wawili wanapotaka kusemezana neno la kweli, gari linakuja kwa kasi. Mtazamaji anapumua, anashangilia, na anasahau kwamba alikuwa amesubiri jibu. Katika filamu ya kwanza mwongozaji alituacha na shaka ili tufikiri. Katika hii ametupa kishindo ili tusifikiri sana.

Sisemi haya kumdharau. Naelewa jinsi ilivyokuwa. Filamu ya kwanza ilikuwa shamba lake mwenyewe, alilolima kwa jembe lake. Ya pili ilikuwa shamba la watu. Maneno ya filamu yaliandikwa na wengine, nyota walikuwa wengi na kila mmoja alihitaji nafasi yake, na fedha iliyotumika ilipaswa kurudi. Fundi akijenga nyumba ya tajiri hujenga kama tajiri anavyotaka. Tena mkono wake haukupotea. Mwaka 2023 ilitoka filamu yake fupi juu ya kile kisiwa cha Ziwa Bunyonyi ambako zamani wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa waliachwa wafe, na humo yule mwongozaji tunayemjua alionekana tena.

Sasa mtaniuliza: Afande, haya yanatuhusu nini? Lagos ni mbali.

Ndugu zangu, hakuna mahali ambapo swali la filamu hii liko karibu kuliko hapa tulipo. Mpaka ulichorwa na watu wasiokuwa na shangazi upande wa pili. Mlugbara wa Arua ana wajomba Aru na Ariwara, katika Kongo. Mkakwa wa Koboko ana ndugu Yei, katika Sudan Kusini, na wengine Kongo. Kule Salia Musala mtu anaweza kutazama nchi tatu bila kuhama alipokaa. Mwaka 1979 vita vilipokuja, tulivuka sisi, tukapokewa Zaire na Sudan. Walipofukuzwa wao na vita vyao, walivuka kuja kwetu, na leo wako Rhino Camp, Imvepi, Bidi Bidi na Lobule. Kwa mtu wa hapa, udugu ndio uliomwokoa baba yake. Ukimwambia amtaje ndugu yake kwa polisi, unamwambia aikate kamba iliyomvusha mtoni.

Na magendo hayakuja kwetu kama uhalifu wa wageni wenye silaha. Yalikuja kama chakula. Wazee waliopo hapa wanawakumbuka OPEC Boys wa mji wa Arua, vijana waliojipa jina la ule umoja wa nchi zinazouza mafuta duniani, wakakaa kando ya barabara na jerikani zao za petroli. Mengi ya mafuta yale yalikuwa yamepita katika nchi yetu kwenda Kongo bila kulipiwa ushuru wa hapa, kisha yakarudi usiku kwa njia za panya. Wengi wao walikuwa wametoka uhamishoni bila shule na bila kazi. Mji mzima ulinunua kwao. Aliyewaita wahalifu asubuhi, jioni alijaza pikipiki yake kwao. Hata leo, ingawa nchi zetu tatu zimo katika Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, Sudan Kusini tangu 2016 na Kongo tangu 2022, mizigo bado ina sheria zake na ushuru wake, na njia za panya hazijaota nyasi.

Hapa ndipo nataka kuwaambia jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu wengi.

Nilipokuwa konstebo kijana nilipangwa katika kizuizi kimoja cha barabara, si mbali na mpaka. Ilikuwa saa nane za usiku. Mwenzangu alikuwa amekwenda kunywa chai. Nikasikia pikipiki ikisukumwa, injini imezimwa. Nikawasha tochi, nikaona jerikani 6 za lita 20 zimefungwa kwa mipira, na nyuma yake uso ninaoujua. Alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo. Tulichunga mbuzi pamoja. Kwa desturi yetu huyo si binamu, ni kaka.

Hatukusemezana. Niliishusha tochi chini, kisha nikaizima. Akapita. Alipofika mbele kidogo akasema kwa sauti ndogo, "Asante, kaka." Nilijiambia kwamba kwa kuwa sikupokea hata shilingi moja, sikukosa. Nililala vizuri usiku ule. Nalisema hilo kwa sababu ndiyo kweli.

Mwezi haukuisha. Petroli ile, pamoja na nyingine iliyofuata, ilikuwa ikifichwa katika nyumba ya nyasi ya jirani yake. Jioni moja binti wa jirani huyo aliingia na kibatari kutafuta kitu. Nyumba iliondoka yote kwa dakika chache. Mtoto aliokolewa, lakini aliungua mikono na shingo.

Tulikwenda kuchunguza. Tuliuliza nyumba kwa nyumba: nani alileta mafuta haya? Kila mtu alijibu kwamba hajui. Mwenyekiti hajui. Mama wa mtoto, ambaye mwanawe alikuwa amelazwa hospitalini, naye hajui. Na mimi niliyekuwa nimeshika kalamu, nikiandika "hajui" baada ya "hajui", nilikuwa najua kuliko wote. Kijiji kizima kilikuwa kinamficha mtu mmoja, na polisi alikuwa mmoja wa wanakijiji.

Ilichukua miezi kadhaa kabla sijamweleza mkuu wangu. Niliadhibiwa, na nilistahili. Kaka yangu alikuwa ameshavuka mpaka. Miaka mingi baadaye tulikutana matangani. Nilidhani angenikasirikia kwa kumtaja. Aliniambia kwamba usiku ule wa kizuizini alikuwa akitetemeka. Ilikuwa safari yake ya pili tu. Akasema kwamba kama ningemsimamisha, angelipa faini, angeaibika, na angerudi kulima tumbaku. Kwa kuwa nilimpitisha, aliona njia ina ulinzi, akaongeza mzigo. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Katika kisa changu aliyelia alikuwa mtoto wa jirani.

Ndiyo maana jana nilipoitazama filamu nilisikitika. Si kwamba nilitaka risasi ziwe chache. Nilitaka kumwona Wale akishika tochi. Nilitaka kuona ile dakika ambayo haina muziki, ambapo polisi anachagua kuona au kutoona, na hakuna anayemtazama. Katika maisha ya polisi wa mpakani ndugu hawakutani na bastola mikononi juu ya daraja. Wanakutana kizuizini saa nane za usiku, na kinachotokea ni kimya.

Na nilitaka kuwaona majirani. Katika filamu wapo polisi na wapo majambazi, na mtaa unapita kama kivuli. Lakini uhalifu haufichwi na majambazi, wao hawana nguvu hizo. Unafichwa na watu wema: mama anayempenda mwanawe, mwenye duka anayeogopa, mzee asiyetaka ukoo wake utajwe. Mwongozaji wa sweta ya manjano angewaona watu hao. Angempa mmoja wao kiti, angemwacha asimulie, nasi tungepima maneno yake. Kwa hakika hiyo ndiyo kazi ya upelelezi, na ndiyo kazi ya mahakama.

Kuna jambo jingine ambalo filamu za mbio za magari huliruka, nami sina ruhusa ya kuliruka. Mtuhumiwa ni mtu ambaye hatia yake haijathibitishwa. Ibara ya 28 ya Katiba yetu ya 1995 inasema kwamba ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitike au akiri mwenyewe. Ibara ya 23 inasema afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Kwa mtazamaji wa filamu haya ni mambo ya kuchosha. Kwa mama mwenye mwana aliyekamatwa ni tofauti ya kumwona tena na kutomwona. Watu wengi hapa hawamtaji ndugu yao kwa sababu wanaogopa kwamba kumtaja ni kumuua. Jana, kila mhusika alipoanguka kwa risasi na ukumbi ukapiga makofi, nilijiuliza ni mama gani aliyekuwa humo ndani akisema moyoni: kumbe ndivyo wafanyavyo, basi wangu sitamtaja kamwe. Hofu hiyo hatuwezi kuiondoa kwa hotuba. Tutaiondoa kwa kuzishika saa 48, kesi baada ya kesi, mpaka mtu aone mwana wa jirani alikamatwa akiwa mzima na alifika mbele ya hakimu akiwa mzima.

Sina budi pia kusema neno juu ya lugha hii ninayoitumia. Kiswahili kilifika kwetu kikiwa kimevaa kofia ya jeshi na ya polisi. Wazee wetu wengi walikisikia kwanza kama amri: simama, kaa chini, lete kitambulisho, fungua mzigo. Kwa muda mrefu sana polisi alikuwa mtu anayesema, na mwananchi mtu anayetii. Ibara ya 212 ya Katiba inataja miongoni mwa kazi za polisi kushirikiana na wananchi kwa jumla. Huwezi kushirikiana na mtu kwa amri peke yake. Ni lazima lugha hii ijifunze kuuliza, kisha inyamaze isikilize. Nasema hivi kwa maafisa wenzangu walioketi nyuma pale, na ninajisemea mwenyewe.

Basi, tufanye nini? Naomba mambo machache, kwetu sisi na kwenu ninyi.

Kwetu sisi polisi: afisa anayekuta jina la ndugu yake katika jalada, au uso wa ndugu yake kizuizini, amweleze mkuu wake siku hiyo hiyo na kesi ipewe mwingine. Hilo si kumsaliti ndugu. Ni kumtoa ndugu katika mikono inayotetemeka na kumweka katika mikono isiyo na deni. Mtu wa kwetu akiamuliwa na asiye wa kwetu, hakuna atakayesema alipendelewa, wala hakuna atakayesema alionewa kwa ajili ya ugomvi wa shamba la babu. Pili, tukumbuke kwamba dhamana ya polisi ni bure. Anayedai malipo kwa ajili yake anafanya kosa, na ninyi mna haki ya kumshitaki kwa mkuu wa kituo.

Kwenu ninyi wananchi: msingoje mpaka nyumba iungue. Kijana anapoanza safari ya kwanza ya usiku, bado anaweza kurudishwa kwa maneno ya mjomba, ya imamu, ya padri, ya mwenyekiti wa LC1. Tuiteni katika hatua hiyo, na kama hamtaki kutuita, tumieni wazee kwanza. Lakini mkiona silaha, au mafuta yamefichwa mahali wanapolala watoto, hapo hakuna tena la kuzungumzia chini ya mwembe. Pigeni 999 au 112, au njooni kituoni mniulizie. Na mtu akileta habari kwa siri, ibaki siri. Mkisikia kwamba jina la mtoa habari limetoka kituoni, njooni mniambie mimi ana kwa ana.

Na kwenu vijana mnaopenda filamu: endeleeni kuzipenda. Wako miongoni mwenu wenye simu zinazopiga picha nzuri kuliko kamera za zamani. Mwongozaji tuliyemjadili alianza na kidogo, akaandika mwenyewe, akapiga picha mwenyewe, na kazi yake bora ilitoka katika kidogo hicho. Hapa mna kisa ambacho Lagos haina. Mna Salia Musala, mna soko la Arua, mna barabara ya Vurra alfajiri, mna mama anayejua na hataki kusema. Atakayekaa na mama huyo, akamsikiliza mpaka mwisho bila kupiga hata risasi moja, atatengeneza filamu ambayo nitakuja kuitazama nikiwa nimelipa kiingilio changu.

Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Ni kweli, nami sitasimama hapa nikiwa na damu ya Kikakwa na ya Kilugbara mwilini mwangu nikaikana. Lakini yule binti alikuwa damu ya mtu pia. Nimekutana naye mara nyingi sokoni. Sasa ni mama wa watoto watatu, anauza samaki wakavu. Ananisalimia kwa heshima, huninunulisha samaki kwa bei nzuri, na mikono anayonipa ina makovu. Mpaka leo sijui kama anajua ni nani aliyeizima tochi usiku ule. Wiki ijayo, kabla jarida hili halijatoka, nitakwenda kumwambia, kwa maana si haki alisome kwanza katika karatasi.

 Sasa ni zamu yenu kusema, na mimi nitakaa.